Karatasi ya Alhamisi

Kila Jumapili jioni, nikishapiga pasi sare zangu na kupanga daftari za kesho yake, nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa nayo. Nilikagua lori. Lori lenyewe lilikuwa limelala yadini, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, na mimi nilikuwa nimekaa mezani na kikombe cha chai, miguu nimeiegesha juu ya kigoda. Nililikagua tairi kwa tairi, taa kwa taa, bila kuliona.

Unashangaa? Shangaa tu. Sisi wakati ule tulikuwa tukicheka.

Acha nieleze ilivyoanza, maana uongo hauzaliwi na ndevu. Kaka yangu alikuwa dereva mpya wa lori. Alikuwa amepata leseni mwaka uleule, na kazi ile ndiyo ilikuwa ya kwanza, tena ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini mimi, yeye na mama tangu baba afariki. Katika yadi yao, kila dereva kabla ya kutoka asubuhi alitakiwa kulizunguka gari lake na kujaza karatasi ya ukaguzi. Karatasi ilikuwa na mistari kumi na minne: breki, taa, vioo, oili, maji, upepo wa tairi, nati za magurudumu, na kadhalika. Kila mstari una kisanduku, na ndani ya kisanduku unaweka alama ya vema. Chini unatia sahihi, kisha karatasi unaitumbukiza katika sanduku mlangoni kwa msimamizi. Ukifanya kwa haki, ni kazi ya dakika ishirini hivi.

Kaka alifanya kwa haki, nataka hilo lijulikane. Mwezi wa kwanza alikuwa anatambaa chini ya lori mpaka anarudi na oili masikioni. Tatizo lilikuwa mwandiko. Mwandiko wa kaka ni kama kuku aliyekanyaga wino akakimbizwa. Siku moja msimamizi alimwita ofisini mbele za watu, akaishika karatasi yake kwa ncha za vidole.

"Hii umejaza au umefutia mikono? Wenzako wanaandika kama watu waliosoma!"

Kaka alirudi nyumbani amenuna. Mama akasema, "Si una mdogo wako hapa? Mwandiko wake mwalimu mkuu mwenyewe anausifia." Ni kweli. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa mwandiko, na sifa hiyo niliivaa kama kofia.

Basi nikawa namwandikia. Mwanzoni yeye alikagua lori jioni akirudi, akaniambia alichokiona, mimi nikaandika safi. Hapo hatukuwa na kosa kubwa. Kisha akaanza kuniambia, "Andika kama jana, hakuna kilichobadilika." Kisha siku moja alikuwa amechoka sana, akasema, "Katibu wangu, andika na ya kesho kabisa." Katibu, ndilo jina alilonipa, na nililipenda. Haukupita mwezi, nikawa naandika za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, Jumatatu mpaka Jumamosi, yeye anatia sahihi sita mfululizo huku anapiga mluzi. Asubuhi alichukua moja, nyingine zinabaki kwenye droo ya meza. Zile dakika ishirini alizilala.

Sasa nikwambie sehemu yangu, kwa sababu watu wengine husema, "Ah, wewe ulikuwa mtoto, ulitumwa." Nilitumwa kuandika, lakini akili ya ziada niliiongeza mwenyewe. Nilitumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ili zisionekane zimeandikwa siku moja. Nilikunja pembe za baadhi ya karatasi. Na kila wiki nilitunga hitilafu ndogo moja, maana niliona gari lisilougua kamwe litatia shaka. "Taa ya nyuma kulia hafifu. Imebadilishwa." Kaka alipoisoma hiyo alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Mama, huyu mtoto ni hatari! Ameniponyeshea na taa!"

Mama naye alicheka. Hata msimamizi hakutuangusha. Aliibandika karatasi ya kaka kwenye ubao wa matangazo, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: MADEREVA WAPYA, IGENI MFANO HUU. Mwandiko wangu ule! Kwa wiki mbili nilitembea shuleni kidevu juu, na siri yangu moyoni.

Msije mkadhani kaka alikuwa mhuni barabarani. Hakunywa pombe. Mkanda alifunga hata akilisogeza lori hatua kumi tu. Simu aliizima na kuiweka mfukoni. Hakukimbiza gari, na usingizi ukimjia aliegesha. Yote aliyofundishwa aliyashika, ila lile moja linalofanyika alfajiri, peke yako, wakati hakuna mtu anayekutazama.

Jumatatu moja alasiri nilimpelekea chakula yadini. Nilimkuta amesimama na Fundi. Fundi wa yadi ile ni mtu mzima, mkimya, mwenye mikono mipana, na maneno yake ni ya kupimwa. Alikuwa amemaliza kubadilisha gurudumu la mbele la kushoto, tairi la zamani lilikuwa limekwisha. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee," akaitika, kisha akaniita nisogee.

"Njoo usikie kitu."

Akachukua nyundo ndogo, akagonga nati ya gurudumu. Ikalia kwa sauti kali, safi. Akailegeza kidogo kwa spana, akagonga tena. Sauti ikawa nzito, kama mtu anayejibu huku ana usingizi.

"Umeisikia? Nati iliyokaza inaitika. Iliyolegea inanung'unika." Akaikaza tena kwa uzito wake wote, kisha akamgeukia kaka. "Sikiliza, kijana. Gurudumu likishafungwa upya, nati hujilegeza kidogo lori likishatembea na mzigo. Si ubovu, ndivyo chuma kilivyo, kinatafuta pa kukaa. Kesho asubuhi kabla hujatoka, zigonge zote kumi. Keshokutwa asubuhi tena. Ukisikia yoyote inanung'unika, niite. Nipo hapa tangu saa kumi na mbili."

"Sawa mzee, nimekuelewa," kaka akasema, mdomo umejaa chakula.

Tulirudi nyumbani pamoja jioni ile. Njiani nikamkumbusha, "Kesho usisahau nati."

Akanitazama, akatabasamu. "Wewe Katibu, si umeshaandika zimekazwa?"

Nikakumbuka karatasi za Jumanne na Jumatano kwenye droo, mstari wa saba, vema. Ni kweli, nilikuwa nimeshazikaza tangu Jumapili. Tukacheka wote wawili pale barabarani mpaka watu wakageuka kututazama. Sentensi ile na kicheko kile naomba siku moja vinitoke kichwani, na bado havijatoka.

Jumatano, saa tatu asubuhi, tulikuwa kwenye somo la hesabu. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni akaniita kwa jina langu lote, sauti yake ya chini. Mtu mzima akikuita kwa sauti ya namna hiyo, ujue kuna jambo. Mama alikuwa amesimama uwanjani na khanga imeanguka bega moja, hana habari nayo.

Kaka alikuwa ametoka yadini na mzigo wa saruji. Kwenye mteremko wa kuingia sokoni, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka. Lori lilipiga ubavu chini, likaburuzika, likaegemea ukuta wa ghala. Kaka alivunjika mfupa wa bega na mbavu tatu. Mkanda ndio uliomwokoa, kila mtu alisema hivyo, na ni kweli.

Lakini gurudumu halikusimama na lori. Gurudumu la lori ni kitu kizito kuliko mtu, na mteremko ule ni mrefu. Lilishuka peke yake, likaruka mtaro, likaingia katika baraza alipokuwa amekaa Mama Cherehani.

Mama Cherehani ndiye mshonaji wa mtaa wetu. Sare yangu niliyokuwa nimeivaa saa hiyo aliishona yeye. Alikuwa amekaa pale tangu alfajiri, miguu juu ya kanyagio, uso chini, anashona. Alisema baadaye kwamba alisikia watu wakipiga kelele, akadhani ni mwizi amekamatwa, akainua uso atazame. Madaktari walimkata mguu wa kulia chini ya goti siku ileile.

Hospitalini, msimamizi alikuja jioni pamoja na askari wa usalama barabarani. Kaka alikuwa amefungwa bandeji kifua kizima, macho yamevimba. Askari akamuuliza, "Asubuhi ulilikagua gari?"

Kaka akanitazama mimi. Kisha akatazama ukuta. "Nilikagua."

"Na nati za magurudumu?"

"Zilikuwa zimekaza."

Msimamizi akatoa karatasi kwenye bahasha, akampa askari. Niliitambua toka mbali. Jumatano, kalamu nyeusi, pembe moja nimeikunja mwenyewe. "Huyu ndiye kijana wangu makini kuliko wote," msimamizi akasema. "Kama nati zilikuwa zimekaza saa kumi na mbili na gurudumu likatoka saa mbili na nusu, basi kosa ni la aliyelifunga. Fundi aliharibu kazi Jumatatu. Nimeshamsimamisha. Jumamosi asubuhi tunakaa kikao, na baada ya hapo nitamkabidhi kwenu."

Askari akaisoma karatasi yangu mstari kwa mstari. "Mwandiko mzuri," akasema, akaiweka kwenye faili.

Nilitoka nje, nikainama kwenye bomba la maji, nikanawa uso mpaka sare ikalowa.

Asubuhi ya Alhamisi nilifungua droo kutafuta rula. Karatasi tatu zilikuwa pale, zimepangwa vizuri. Ya juu ilikuwa ya Alhamisi. Breki, sawa. Taa, zinawaka. Nati za magurudumu, zimekazwa. Chini yake sahihi ya kaka. Lori lilikuwa limelala ubavu kando ya ghala, matumbo nje, na karatasi yangu ilikuwa inasema ni zima na limeondoka salama. Nikaisoma mara tatu. Kumbe uongo hauna hata akili ya kujua lini unyamaze, nikajiambia.

Mama alikuja nyuma yangu, akaziona. Rangi ikambadilika.

"Leta hapa, tuzichome."

"Mama, Fundi anafukuzwa kazi. Anapelekwa polisi."

"Nasema leta!"

"Alimwambia kaka agonge nati. Nilikuwepo mama, nilisikia kwa masikio yangu."

"Na mimi nimezaa kwa tumbo langu!" Mama alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. "Kaka yako akifungwa tutakula nini? Fundi ni mtu mzima, atapata kazi kwingine. Mwanangu mimi sina mwingine wa kunilisha. Unataka kumuuza ndugu yako kwa karatasi?"

Sikumpa. Nilizitia kwenye daftari la jiografia, nikakimbia shule bila chai. Msidhani nilikuwa shujaa. Sikujua nitazifanyia nini. Niliogopa kuzichoma na niliogopa kuzionyesha, basi nikazibeba siku mbili mgongoni, na begi lile halijawahi kuwa zito namna ile. Majuto ni mjukuu, husemwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na tayari nina wajukuu wa kutosha.

Ijumaa baada ya masomo nilikwenda kumwona kaka. Nikamwambia wazi, "Kaka, sema ukweli."

"Katibu." Alizungumza polepole kwa sababu ya mbavu. "Ukweli utanirudishia lori? Utamrudishia yule mama mguu?"

"Utamwokoa Fundi."

"Na mimi nani ataniokoa?" Akafumba macho. "Wewe ndiye uliyeandika. Kumbuka hilo. Ukinitaja mimi, unajitaja na wewe."

Ndugu yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo, alinitisha. Niliondoka bila kumuaga. Nilikuwa nalia, sioni ninakokwenda, na korido za hospitali zote zinafanana, nikajikuta kwenye mlango wa wodi ya wanawake. Mama Cherehani alikuwa kitanda cha pili. Aliniona kabla sijageuka.

"Wewe si binti yule mwenye suruali... hapana, mwenye sketi ya marinda. Njoo."

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa, nifanyeje." Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwa. Nilijitahidi nisitazame, nikatazama. "Kaka yako anaendeleaje?"

Alimuulizia kaka. Kwanza kabisa, kabla ya lolote, alimuulizia kaka.

"Anaendelea."

"Kijana wa watu, naye ameponea chupuchupu. Wameniambia yeye alikagua kila kitu, kuna karatasi. Ni yule fundi." Uso wake ukakaza, sijawahi kuuona vile. "Mguu wangu ule ndio ulikuwa unakanyaga cherehani. Sasa nitakanyagia nini? Yule fundi namlaani asubuhi, namlaani mchana. Namlaani hata nikiamka kuomba maji. Mungu amlipe."

Nilisimama pale na daftari la jiografia begini. Laana zile zote, siku tatu mfululizo, zilikuwa zinakwenda kwa mtu asiyehusika. Alikuwa anazituma kwenye nyumba ya jirani, na mwenyewe nimesimama mbele yake ananiita binti.

Jumamosi asubuhi nilikwenda yadini. Sikumwambia mama. Kikao kilikuwa kwenye chumba cha msimamizi: yeye mwenyewe, askari yuleyule, na madereva wachache wamesimama ukutani. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, kofia mkononi.

"Nilimwambia agonge," Fundi alikuwa anasema. "Na hiyo karatasi mliyoibandika ubaoni inasema taa ya nyuma ilibadilishwa. Stoo haijatoa balbu hata moja mwezi huu. Nendeni mkaulize. Hiyo balbu aliitoa wapi?"

"Usitupeleke kwenye balbu," msimamizi akamkata. "Tunazungumzia gurudumu."

Nikagonga mlango uliokuwa wazi. "Shikamooni. Balbu niliitunga mimi."

Wakageuka wote. Nikafungua daftari, nikaweka karatasi tatu mezani. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi.

Msimamizi akazichukua. Akasoma ya juu, akaangalia kalenda ukutani, akasoma tena. Nikaeleza yote, tangu mwandiko wa kuku mpaka kalamu mbili, na maneno ya Fundi siku ile ya Jumatatu, na kicheko chetu barabarani. Hicho nacho sikukificha. Nilipomaliza, askari aliomba kalamu, akaniambia niandike sentensi moja. Nikaandika. Akaiweka kando ya karatasi ya Jumatano.

"Ni mkono mmoja," akasema.

Msimamizi alitoka, akarudi na karatasi iliyokuwa kwenye ubao. MADEREVA WAPYA, IGENI MFANO HUU. Akaikunja mara nne. Fundi akasimama, akavaa kofia yake.

"Bwana msimamizi," akasema, "miaka yote hii nimekuletea karatasi zenye oili, ukanitupia. Mtu aliyelishika gari mikono yake huchafuka. Ulitaka usafi, umeupata."

Kisha akanitazama mimi. Nilitegemea, sijui nilitegemea nini, labda aseme asante au aniguse kichwa.

"Umesema ukweli, ni vizuri," akasema. "Ungeusema Jumatatu, mama wa watu angekuwa na miguu miwili." Akatoka.

Nilimchukia kwa neno lile mwezi mzima. Halafu nikaona halina mahali pa kukosolewa.

Kilichofuata nitakisema kwa ufupi, maana hakina utamu. Fundi alirudi kazini. Kaka alifikishwa mahakamani akiwa bado na bandeji, akakiri, akanyang'anywa leseni kwa miaka mitatu na kupewa kifungo cha nje. Kazi ilikwisha. Mama alianza kufua nguo za watu. Miezi minne hakunisemesha ila kwa amri: leta ndoo, zima jiko. Kaka naye alipata kibarua cha kupanga mizigo kwenye ghala, lile lile ambalo lori liliegemea ukuta wake. Jina la Katibu halikusikika tena nyumbani kwetu.

Yadini, sheria ilibadilishwa. Karatasi sasa hujazwa palepale kando ya gari, mbele ya Fundi, na dereva hagusi usukani kabla Fundi hajagonga nati mbili tatu mwenyewe. Nasikia msimamizi siku hizi akiona karatasi safi, anainuka kitini na kwenda kutazama.

Mama Cherehani alipotoka hospitali nilikwenda kwake na kumweleza yote kwa mdomo wangu, ingawa alikwishasikia. Aliniambia niondoke. Nikaenda tena kesho yake, akanifukuza tena. Siku ya tatu nilimkuta barazani, mbele ya cherehani, anajaribu kushona huku mkono mmoja unazungusha gurudumu la mashine na mwingine unavuta kitambaa. Mshono ulikuwa unakwenda upogo. Aling'ata midomo, akafumua, akaanza upya, ukaenda upogo tena.

Nikavuta kigoda, nikakaa ubavuni mwake, nikashika gurudumu.

Alinitazama muda mrefu. "Umekuja kunionea huruma?"

"Nimekuja kuzungusha."

"Polepole basi. Ukikimbiza, sindano itanichoma na mimi sina kiungo cha kupoteza."

Tangu siku hiyo nakwenda kila nikitoka shule. Mikono yake miwili inaongoza kitambaa, wangu unazungusha. Asubuhi kaka huja kabla ya kibarua, huitoa mashine ndani na kuiweka barazani, na jioni huirudisha. Siku za mwanzo walikuwa hawasalimiani. Kaka aliinama, akabeba, akaondoka. Juzi nilimsikia akisema, "Shikamoo mama," na yeye akaitika, "Marahaba. Angalia mguu wa kushoto wa meza, unacheza." Kaka akapiga magoti, akaushika, akautikisa, akaukaza, akautikisa tena. Alitumia muda mrefu chini pale.

Alipoondoka, Mama Cherehani aliniambia, bila kuinua macho kwenye kazi: "Watu huniuliza kama nimewasamehe. Siku nyingine ndiyo, siku nyingine mguu usiokuwepo unaniuma, hapo siwezi. Lakini nikwambie, mwanangu, ukawaambie na wenzako shuleni. Watu wabaya ningewaona kwa mbali nikawakimbia. Mimi nilivunjwa na watu wazuri, wacheshi, wanaonisalimia kila siku, walioona uvivu kwa dakika ishirini. Ukipewa kazi ya kuangalia, angalia. Ukiandika umeona kitu, uwe umekiona. Kuna mtu mahali fulani amekaa, ameinamisha uso kwenye kazi yake, na anakutegemea wala hakujui."

Nikazungusha mpaka mwisho wa mshono.

Akavuta kitambaa kipya, sare ya mtoto wa darasa la kwanza, akakiweka chini ya sindano.

"Skrubu ya sindano?"

"Imekaza, mama."

"Umeiona au umeishika?"

Nikanyoosha mkono, nikaishika kwa vidole viwili, nikaijaribu huku na huku.

"Nimeishika."

"Haya," akasema. "Zungusha."